Faili liko tayari, wewe pandisha tu

Wiki hii nimeandikiwa tena ujumbe ule ule, safari hii ukiwa na kidole gumba mwishoni: "Mipango yote ya matengenezo iko kwenye Excel, mistari 600 na kitu. Mfumo mpya una kitufe cha kupakia. Wewe pandisha tu, nusu saa hivi." Kazi yangu ni kuhamisha mipango kama hiyo kutoka Excel kwenda kwenye mfumo, yaani programu ya kusimamia matengenezo ya mashine. Kinachoniudhi humo wala si hiyo nusu saa. Ni hilo "tu".

Kupakia kweli ni kazi ya nusu saa. Wakati mwingine ni dakika 4. Nilipoifanya kwa mara ya kwanza nilijisifia hizo dakika 4: nikapakia Ijumaa jioni, mfumo ukaandika kwa kijani kwamba mistari 412 kati ya 412 imeingia, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu asubuhi karakana yenye mafundi 5 iliamkia oda za kazi 412, yaani maagizo 412 ya kazi kwa mafundi, zote za siku hiyo hiyo. Msimamizi hakunifokea. Alizichapisha zote, akaniwekea rundo mezani, akaondoka bila kusema neno.

Safu ya "mara ya mwisho kufanyika" ilikuwa tupu. Mfumo ule ukikuta tupu unachukulia kwamba kazi haijawahi kufanyika, kwa hiyo imeshachelewa. Ulifanya sawasawa na ulivyotengenezwa. Mjinga nilikuwa mimi, niliyedhani kwamba faili lile lilikuwa mpango.

Lile faili lilikuwa orodha ya tarehe. Mpango wenyewe alikuwa nao msimamizi kichwani: kila mwisho wa mwezi anafungua Excel, anatazama, anasogeza tarehe kwa mkono, huku akijua kwamba kompresa ya pili imepumzika wiki 3 na pampu ya kisimani haiwezi kusimamishwa kabla ya tangi kujaa. Kwenye Excel anayezaa tarehe inayofuata ni mtu. Ukihamia kwenye mfumo, ni kanuni, na kanuni hiyo lazima mtu aiandike. Ndiyo maana nusu saa hugeuka wiki 6.

Ya harakaharaka kwanza, maana yamo kwenye kila mwongozo. Pakia maeneo, kisha mali (mashine na vifaa), mama kabla ya mtoto, yaani mashine kabla ya sehemu zake, kisha orodha za hatua za kazi, na mipango iwe ya mwisho. Ukikosea mpangilio mfumo utakukatalia kwa maandishi mekundu, nawe ushukuru, kwa sababu kosa linalopiga kelele ni rahisi kulirekebisha. Namba za mali zinazoanza na sifuri, kama 00417, zitageuka 417 usipoifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika. Baada ya hapo umechelewa. Msimbo kama DEC-04 Excel inaweza kuusoma kuwa tarehe 4 Desemba. Usijione mzembe: wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walisalimu amri mwaka 2020 wakatangaza majina mapya kwa zile kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe. Tarehe ziandike 2025-04-03, hapo hakuna wa kubishana kama ni Aprili au Machi. Na ukikuta faili zima limekosea kwa miaka 4 na siku 1, yaani siku 1,462, mtafute aliyelianzisha kwenye Mac ya zamani: kalenda yake huanza kuhesabu mwaka 1904 badala ya 1900. Basi, hayo yameisha.

Tuje kwenye safu ya "Muda". Hapa ndipo ninapopoteza subira.

Ukiichuja safu hiyo utakuta "kila mwezi", "mwezi 1", "siku 30", "wiki 4" na "M1", na mwenye faili atakuambia zote ni kitu kimoja. Hapana. Kila mwezi ni mara 12 kwa mwaka. Wiki 4 ni mara 13, na siku zote huangukia siku ile ile ya wiki. Siku 30 ni mara 12 na kidogo, nayo hutangatanga kwenye kalenda hadi inaangukia Jumapili, wakati hakuna fundi. Kwa pampu moja ni mzaha. Kwa pampu 200, mara 12 dhidi ya mara 13 ni oda 200 zaidi kwa mwaka, na kila oda ina saa zake za fundi.

Halafu kuna lugha yetu wenyewe. Faili moja lilikuwa na "M3" kila mahali. Aliyeandika nusu ya juu alikusudia kila miezi mitatu. Aliyerithi faili akaendelea chini alikusudia mwezi wa tatu, yaani Machi, mara moja kwa mwaka. Herufi ile ile, tarakimu ile ile, safu ile ile. Niligundua kwa bahati: huko chini kulikuwa na M11, na sijaona mtu anayekagua kitu kila baada ya miezi 11. Kusingekuwa na M11, nisingegundua, na mashine zinazokaguliwa mara 1 kwa mwaka zingekaguliwa mara 4.

Lakini hata muda ukiwa safi, bado kuna swali ambalo hakuna faili la Excel nililowahi kuletewa lililokuwa na safu yake: muda huo unahesabiwa kuanzia wapi?

Kuna ratiba ya kalenda na kuna ratiba inayofuata kazi. Chukua kazi ya kupaka grisi beringi kila siku 30, ya kwanza tarehe 1 Januari. Inayofuata ni 31 Januari, kisha 2 Machi. Sasa fundi amebanwa, ile ya 31 Januari ameifanya 12 Februari. Kwenye ratiba ya kalenda, inayofuata inabaki palepale, 2 Machi, yaani anarudi kupaka grisi baada ya siku 18. Fanya hivyo mara kadhaa uone beringi inavyotapika grisi, maana grisi ikizidi nayo huua beringi kwa joto. Kwenye ratiba inayofuata kazi, inayofuata ni 14 Machi. Inaonekana ya busara, sivyo? Ila fundi akizoea kuchelewa siku 12 kila mara, siku 30 zimekuwa 42, na kazi ya mara 12 kwa mwaka inafanyika mara 8 au 9. Na kila ukifungua mfumo unaona kazi moja tu iliyochelewa kidogo. Zile 3 au 4 zilizoyeyuka hazionekani popote, kwa sababu hazikuwahi kuzaliwa.

Mifumo mingi huweka uamuzi huu kwenye kisanduku kimoja kidogo cha tiki, na kwenye kiolezo cha kupakia ni safu moja ya ndiyo au hapana. Watu huiacha tupu. Ukiiacha tupu, aliyetengeneza programu amekuamulia, naye hajawahi kuiona mashine yako.

Kanuni yangu: ukaguzi unaodaiwa na sheria, kama wa matangi ya mgandamizo na vifaa vya kunyanyulia mizigo, uende kwa kalenda hata mbingu ikianguka. Grisi, filta na mikanda vifuate kazi. Mashine yenye mita ya saa ifuate mita, mradi kuna mtu anayeisoma. Msipokuwa na mtu wa kuisoma, msijidanganye na sevisi ya kila saa 250. Wekeni wiki.

Saa zenyewe zina kichekesho chake. Ukiandika "Saa 250" kwenye seli moja ukaburuta kona yake kwenda chini, Excel haikunakilii. Inahesabu: Saa 251, Saa 252, Saa 253. Nimewahi kuletewa jenereta 40 za aina moja, kila moja ikiwa na muda wake wa sevisi, hadi Saa 289, na mkuu wa kitengo akanitetea jambo hilo kwa dakika nzima kabla hajacheka.

Tarehe hufanya vivyo hivyo, na hapo hakuna wa kucheka. Ukiambiwa safu ya "mara ya mwisho" haitakiwi kuwa tupu, unaandika 3 Machi na kuburuta. Sasa mfumo unaamini mashine ya kwanza ilihudumiwa tarehe 3, ya pili 4, ya tatu 5, siku 90 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Inapita bila kosa hata moja. Siku hizi kabla ya kupakia chochote natoa tarehe ya mstari wa juu kwenye ile ya chini yake. Nikiona 1, 1, 1, 1 nalirudisha faili.

Kosa la mwisho, nalipitia upesi: kazi zinazomezana. Mashine ina sevisi ya mwezi, ya miezi 3 na ya mwaka, mistari 3 kwenye Excel. Msimamizi anajua kwamba mwezi wa sevisi kubwa, ndogo imo ndani yake. Ukipakia mistari 3 kama ilivyo unapata oda 12, 4 na 1, jumla 17, mahali ambapo fundi alikuwa akienda mara 12. Kwa mashine 400 hizo ni oda 2,000 za hewa kila mwaka. Fundi atazifunga zote kwa kalamu moja, na kuanzia siku hiyo rekodi zako hazina thamani. Karibu kila mfumo una namna ya kufanya kubwa iimeze ndogo. Itafute kabla ya kupakia.

Sasa niungame. Vitabu vinasema safisha data kwanza, hamisha baadaye. Nimefanya hivyo, mradi ukakaa miezi 8 kwenye usafi mpaka watu wakauchoka. Nimefanya kinyume pia, na uchafu haukusafishwa kamwe. Sijui lipi bora. Na tarehe za mwisho zisipopatikana kabisa, huwa nazitunga: nazitawanya kwa hesabu ili kazi zisidondoke siku moja, na naandika kwenye maelezo ya kila mpango kwamba tarehe imekadiriwa. Wakaguzi hawapendi. Napenda hivyo kuliko 3 Machi ya kuburuta.

Linalonisumbua zaidi ni kama mipango yenyewe inastahili kuhamishwa. Ripoti ya Nowlan na Heap ya mwaka 1978 kuhusu matengenezo ya ndege ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 11 tu ya vipuri walivyochunguza ambavyo vingeweza kunufaika na kuwekewa kikomo cha umri. Mashine zako si ndege, najua. Lakini kila ninapopakia kwa uaminifu "fungua, kagua, funga" mara 400, najiuliza ni ngapi kati ya hizo zinaleta hitilafu badala ya kuizuia. Sijawahi kulipwa kujibu swali hilo. Hulipwa kupakia.

Nimerudi kwenye faili la wiki hii. Lina mistari 638. Mistari 212 kati ya hiyo, kwenye safu ya "Kazi", ina maneno matatu: "Sevisi kama kawaida". Mwenye faili aliniambia hiyo haina shida, fundi anaijua. Jana nikampigia fundi, nikamwomba anitajie kawaida ni nini ili niiandike hatua kwa hatua.

"Kawaida ya pampu ipi?" akaniuliza.

Keshokutwa saa mbili asubuhi tutaanza kuzunguka, mimi na yeye, pampu moja baada ya nyingine, na daftari.