Je, kubadilisha vipuri vya mashine kongwe ya santuri huleta sauti bora kweli?

Chukua santuri yoyote ya LP, ile kubwa yenye nyimbo kadhaa kila upande, uitazame tundu lake la katikati. Tundu hilo likikosea katikati kwa milimita 0.2 tu, unene wa karatasi mbili za daftari, santuri itacheza kama gurudumu ambalo ekseli yake haiko katikati. Kwenye nyimbo za mwisho, zile zilizo karibu na lebo, kasi ya mfuo, ule mfereji mwembamba ulioibeba sauti, chini ya sindano itapanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.3 kila mzunguko. Sasa tazama Technics SL-1200MK2, mashine ya Kijapani iliyotoka mwaka 1979 na ambayo ma-DJ wa dunia nzima wameitumia mpaka rangi ikabanduka. Kiwanda kiliitaja kuwa na kuyumba kwa kasi kwa asilimia 0.025. Kosa la tundu la santuri, basi, ni kama mara kumi ya kosa la mota.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu wengi waliorithi mashine kama hii, au walioinunua ikiwa imetumika, huanza kuboresha upande wa mota. Wanatafuta transfoma ya nje, sahani ya kuzungushia santuri iliyo nzito zaidi, miguu mipya, mkeka wa ngozi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Fedha zinakwenda, mashine inapendeza machoni, na wimbo unabaki vilevile.

Kuboresha kunalipa, tena sana, ila sehemu moja inazizidi nyingine zote kwa mbali: ncha ya sindano, pamoja na vile vinavyoishika na kuielekeza. Kuelewa kwa nini, inabidi tuingie ndani ya mfuo wenyewe.

LP huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mfuo wa ukingoni, ulio sentimita 14.6 kutoka katikati, hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Sindano inapofika ndani, sentimita 6 kutoka katikati, mwendo umeshuka hadi sentimita 21. Mzunguko ni uleule wa sekunde 1.8, lakini njia imefupika. Kwa hiyo sauti nyembamba, mlio wa kayamba au herufi "s" kinywani mwa mwimbaji, zinabanwa katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Wimbi moja la sauti ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambalo kule ukingoni lilikuwa na urefu wa maikroni 51, huku ndani lina maikroni 21. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Sindano ya bei nafuu ina ncha ya mviringo yenye nusu kipenyo cha maikroni 18. Gurudumu la lori haliwezi kutumbukia kwenye kishimo ambacho gurudumu la baiskeli hushuka mpaka chini. Hupita juu yake kana kwamba barabara ni tambarare. Ndivyo inavyofanya ncha hiyo kwenye mikunjo ya nyimbo za mwisho. Sauti nyembamba zinapotea, au zinageuka kuwa mkwaruzo, na watu wanasema santuri imechakaa. Mara nyingi santuri ni nzima.

Ncha ya umbo la yai hupunguza ubavu unaogusa mfuo hadi maikroni 8 hivi. Zile zilizochongwa kwa umbo la ukingo mwembamba hufika karibu na maikroni 3. Badiliko hilo husikika hata kwa mtu ambaye hajui lolote kuhusu mashine, na husikika zaidi kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande. Ukitaka kupima kama pesa yako imefanya kazi, pima hapo, usipime kwenye wimbo wa kwanza.

Jambo la kufurahisha ni kwamba katika katriji (kile kichwa kidogo kinachoishika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) nyingi za sumaku inayocheza, sindano huchomolewa kwa vidole na kuchomekwa nyingine. Familia ya Audio-Technica VM95 ina mwili mmoja unaopokea sindano za maumbo mbalimbali, kuanzia ya mviringo hadi zile nyembamba kabisa. Mwenye Ortofon 2M Red anaweza kuchomeka sindano ya 2M Blue kwenye mwili uleule. Hata Shure, iliyoacha kutengeneza katriji mwaka 2018, bado sindano za kutoshea katriji zake zinatengenezwa na JICO ya Japani. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fundi wala bisibisi.

Na kabla ya kuboresha, uliza sindano iliyopo ina umri gani. Upande mmoja wa LP wa dakika 20 una mfuo wa karibu meta 430. Washauri wengi husema almasi ya ncha hudumu kati ya saa 500 na 1,000. Saa 500 ni pande 1,500, na hizo ni takriban kilomita 645: ncha ndogo kuliko chembe ya vumbi imesuguliwa kama kutoka Dar es Salaam hadi Arusha kwa barabara. Ikishalika, kingo zake huwa kali na huanza kuchonga ukuta wa mfuo. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa watu. Ukiwa na santuri ndogo za dansi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo huwezi kuingia dukani ukazinunua tena, sindano iliyochoka ni adui ndani ya nyumba. Hujui inapoanza kuharibu, na kilichochongwa hakirudi.

Baada ya sindano kuna ndoa kati ya katriji na mkono, na hapo wengi hukosea kwa kununua kitu ghali kisichofaa. Mkono na katriji vikiwa juu ya chemchemi laini ya sindano hutikisika kwa kasi yao ya asili, kama gari juu ya springi zake. Kasi hiyo inatakiwa iwe kati ya hezi 8 na 12. Ikiwa chini ya hapo, mawimbi ya santuri iliyopinda na vishindo vya miguu sakafuni vitauyumbisha mkono. Ikiwa juu sana, itaanza kugusa besi ya muziki. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito wote kwa ulaini wa sindano (tarakimu inayotajwa na mtengenezaji), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 159 kwa hicho. Mkono wa SL-1200MK2 una uzito tendaji, yaani ule ambao sindano huuhisi mkono unaposogea, wa gramu 12. Ongeza katriji ya gramu 6.5 na skrubu za nusu gramu, unapata 19. Ukiweka sindano ya ulaini wa 20, jibu ni hezi 8.2, na mambo ni shwari. Ukiweka ile laini mno ya 35, jibu linashuka hadi 6.2. Katriji hiyo inaweza kuwa ya bei ya juu kabisa na bado ikakusumbua kila mtoto akikimbia sebuleni.

Kisha ipangilie vizuri: uzito wa sindano juu ya santuri uwe ule uliotajwa na mtengenezaji, na katriji ikae sawa mbele na nyuma. Kazi hiyo inahitaji karatasi ya vipimo, mizani ndogo na nusu saa ya uvumilivu. Sijui badiliko jingine la bei ndogo kiasi hicho linaloleta faida kubwa namna hiyo.

Kitu kingine kinachostahili fedha hakimo hata ndani ya mashine. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Kikuza sauti cha fono hugeuza hali hiyo: huinua besi ya chini kabisa karibu mara kumi ukilinganisha na sauti za katikati. Kwa kuwa katriji hutoa milivolti chache tu, kikuza sauti dhaifu huinua pia mvumo wa umeme na mngurumo wa beringi kavu. Watu huilaumu mota. Mara nyingi kosa liko kwenye kikuza sauti hicho, au kwenye waya wa ethi uliolegea nyuma, au kwenye nyaya za sauti zilizooza kwa chumvi ya pwani. Fundi anayejua kuchoma risasi vizuri atazibadilisha nyaya hizo.

Sasa turudi kwenye mota, maana si haki kusema kamwe isiguswe. Technics walianza kuuza mashine inayozungushwa na mota moja kwa moja, SP-10, mwaka 1970, na SL-1200 ikafuata mwaka 1972. Ile ya MK2 kasi yake inalindwa na kristali ya kwatzi, haitegemei kasi ya umeme wa ukutani. Ikiwa haijaharibika, iwekee matone mawili matatu ya mafuta kwenye beringi, safisha kitelezi cha kurekebisha kasi, uiache. Kapasita zilizozeeka zibadilishwe pale zinapoonyesha dalili, na hilo ni tengenezo kama lingine lolote.

Mashine za santuri zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira ni habari nyingine. Mkanda huo hulegea kwa miaka, kasi huyumba, na mkanda mpya wa bei ndogo huirudishia mashine uhai. Nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Ndugu yako akikuletea mashine ya namna hiyo kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, transfoma ya kushusha volti haitatosha. Kwa hezi 50 za kwetu, LP itazunguka mara 27.8 kwa dakika, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mwenye usingizi. Hapo kipuri cha kununua ni kapi la mota la kipimo cha hezi 50, na hakuna sindano itakayokuokoa.

Iko pia mashine ya Linn Sondek LP12 ya Glasgow, Scotland, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo kampuni yake imeendelea kutoa beringi, fremu za ndani na mota mpya zinazoingia hata kwenye mashine za zamani. Kwa muundo ule, ambapo sahani na mkono vimening'inia juu ya springi, sehemu hizo zinagusa sauti kweli. Lakini kuzikusanya zote ni gharama inayoweza kupita mashine nzuri mpya kadhaa. Mimi ningenunua santuri.

Kuhusu kung'oa mkono wa asili na kutoboa bamba ili kuweka mwingine, ningesubiri sana. Uzalishaji wa SL-1200 ulisimama mwaka 2010 ukarudi mwaka 2016, na MK2 ambayo haijatobolewa bado ina watu wanaoitafuta. Chochote unachobadilisha, kile cha zamani kitie kwenye boksi na uandike juu yake kimetoka wapi.

Kuna kipuri kimoja ambacho MK2 haiwezi kupewa kwa urahisi: kasi ya 78. Ina 33 na 45 pekee. Mwenye bahati ya kuwa na sahani, yaani santuri za zamani za kasi ya 78, za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hawezi kuzicheza hapo kwa kasi yake. Mifuo ya sahani hizo ni mipana, na sindano ya LP huzama mpaka chini ikaokota uchafu. Zinataka sindano ya pekee yenye nusu kipenyo cha maikroni 76 hivi, na hata familia ile ya VM95 inayo. Ukishaichomeka, sahani ichezwe kwa 45, irekodiwe kwenye kompyuta, kisha programu iiharakishe takriban mara 1.73. Sauti ya Siti itarudi mahali pake, na sahani yenyewe itakuwa imepita chini ya sindano mara moja tu.