Programu zinazojiwasha na kazi zilizopangwa: usiyoijua utaitambuaje

Asubuhi katika stesheneri nyingi za Mwanjelwa, Mbeya, huenda hivi: kompyuta imewashwa, mteja wa kwanza ameshashika flashi yake mkononi, na mashine bado inajivuta tu. Mwenye duka huilaumu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi kuna programu zilizoamka bila kuitwa na mtu.

Programu hizo ni za aina mbili. Programu inayojiwasha huanza mara tu unapoingia kwenye akaunti yako. Kazi iliyopangwa ni agizo lililoachwa ndani ya Windows: fanya hiki ikifika saa fulani, au mashine ikikaa bila kuguswa, au jambo fulani likitokea. Anayetunza maagizo hayo anaitwa Task Scheduler. Aina ya kwanza ni kama kibarua anayeingia duka likifunguliwa. Ya pili ana ufunguo wake.

Tofauti hiyo huwachanganya wengi. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager hufunguka na sehemu yake ya Startup hukupa orodha fupi inayosomeka. Watu huzima vitu vinne vitano pale wakaona wamemaliza. Kazi zilizopangwa hazimo kwenye orodha hiyo. Ili kuziona, andika taskschd.msc kwenye sehemu ya kutafutia, kisha fungua Task Scheduler Library upande wa kushoto. Usiogope ukikuta folda ya Microsoft imejaa makumi ya kazi. Karibu zote ni za Windows yenyewe, na fundi anayezifuta ovyo anakutengenezea tatizo jipya.

Si kila kinachoichosha mashine asubuhi ni kibaya, tena maduka yetu yana sababu yake. Windows 10 hupanga matengenezo yake saa nane usiku. Saa hiyo kompyuta ya stesheneri imezimwa, na wengine huchomoa kabisa waya wakihofia umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kazi iliyokosa saa yake inaweza kuruhusiwa kufanyika mapema iwezekanavyo baadaye, kwa hiyo mzigo wa usiku unaangukia mchana. Masasisho nayo yanalila bando lilelile ulilonunua kwa ajili ya wateja.

Sasa ile usiyoijua. Jina lisikutishe wala lisikutulize. RtkAudUService linasomeka kama la kihuni, kumbe ni la sauti, la Realtek. SecurityHealthSystray ni kialama cha ulinzi wa Windows. Upande wa pili, svchost.exe ni jina halali kabisa la faili la Windows, na ndiyo maana wahalifu hulipenda. Hulitumia lilivyo au hulipindua kidogo likawa scvhost. Ya kweli hukaa C:\Windows\System32. Ukiikuta ndani ya AppData au Temp, folda za data za programu na za faili za muda, ina maswali ya kujibu. Japo AppData peke yake si ushahidi, maana programu halali nyingi hujisakinisha humo. Kwa hiyo uliza mambo matatu: faili liko wapi, nani amelitia saini ya kidijitali (alama inayothibitisha mchapishaji wake), na nini kinaliamsha. Kwenye Task Manager, bofya kulia kisha Open file location. Kwenye Task Scheduler, soma Triggers (kinachoiamsha kazi), halafu Actions (kinachoendeshwa). Actions ndiyo yenye ukweli, kwa sababu jina la kazi anaweza kuliandika yeyote apendavyo.

Kuna mtego mmoja hapo. Actions inaweza kuonyesha wscript.exe au powershell.exe, programu za kuendesha maagizo yaliyoandikwa kwenye faili, ambazo ni za Microsoft na saini yake ni halali. Usiishie kwenye jina hilo. Soma maneno yanayolifuata, kwani ndiyo yanayotaja kinachoendeshwa. wscript.exe inayoita faili la .vbs au .js lenye jina la herufi zisizo na maana ni alama ya virusi vya shortcut, vile vinavyoficha folda za mteja kwenye flashi na kuweka vya bandia mahali pake. Kompyuta inayopokea flashi za wanafunzi wa chuo kutwa nzima haivikwepi kirahisi. Ukikuta AutoKMS, jua kuna mtu aliwasha Windows au Office kwa njia ya wizi. Mafundi wengi watakwambia haina neno. Sikubaliani nao: umeiruhusu programu ya mtu usiyemjua ifanye kazi na mamlaka ya juu kabisa ya mashine.

Anayetaka kuona vyote mahali pamoja atumie Autoruns, programu ya bure ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambao kampuni yao ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Washa uhakiki wa saini. Mstari wa waridi unaonyesha faili ambalo mchapishaji wake hajulikani au saini yake haikuthibitika. Wa njano unaonyesha agizo lililobaki huku faili lake halipo tena; mara nyingi ni masalia ya programu iliyoondolewa.

Usifute kwanza. Zima: Disable kwenye Task Scheduler, au ondoa alama ya tiki kwenye Autoruns, kisha washa kompyuta upya na ujaribu printa, skana na intaneti. Kama kitu kimegoma, unairudisha ilivyokuwa. Kama kazi uliyoizima imejiwasha tena yenyewe, kuna programu nyingine inayoirudisha, na kuendelea kuizima ni kupoteza muda. Hapo nakili mafaili ya wateja, kisha endesha Microsoft Defender Offline, ambayo hukagua mashine kabla Windows haijaanza.