Je, wajua kwa nini rekodi ya pointi ya Kareem Abdul-Jabbar ilidumu karibu miaka 39?

Tarehe 5 Aprili 1984, mjini Las Vegas, Kareem Abdul-Jabbar wa Los Angeles Lakers alipokea pasi kutoka kwa Magic Johnson, akageuka ubavu, akaupitisha mpira juu ya mikono ya Mark Eaton, senta (mchezaji wa karibu na kikapu) wa Utah Jazz aliyekuwa mrefu kuliko hata yeye. Mpira ukazama. Kwa kikapu hicho akampita Wilt Chamberlain, aliyestaafu akiwa na pointi 31,419, na kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani.

LeBron James, mtu aliyekuja kuivunja rekodi hiyo, alikuwa hajazaliwa. Alizaliwa Desemba mwaka huohuo.

Kareem alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 37, umri ambao wachezaji wengi wameshaondoka uwanjani. Yeye akaendelea kwa misimu mitano zaidi, na alipostaafu mwaka 1989 alikuwa na pointi 38,387. Namba hiyo ikasimama hadi tarehe 7 Februari 2023. Katikati hapo walikuja na kuondoka Michael Jordan, Karl Malone na Kobe Bryant, na hakuna aliyeifikia. Kwa nini?

Wengi hujibu haraka kwamba Kareem alikuwa mrefu, takribani sentimita 218. Lakini NBA haijawahi kupungukiwa watu warefu. Jibu liko kwenye hesabu, na ni hesabu ya kutisha kidogo ukiikalia chini.

Msimu wa kawaida wa NBA una mechi 82, na ni pointi za msimu wa kawaida tu zinazohesabiwa kwenye rekodi hii. Zile za mtoano huwekwa kando. Kareem alikuwa na 5,762 za huko ambazo hazimo kabisa kwenye ile 38,387. Sasa chukua mchezaji hodari anayefunga pointi 25 kila mechi. Kwa viwango vya ligi hiyo huyo ni nyota. Mpe mechi zote 82, asiumwe, asipumzishwe hata siku moja. Atapata pointi 2,050 kwa msimu. Ili amfikie Kareem itambidi arudie hivyohivyo kwa misimu karibu 19. Wachezaji wengi wa ligi hiyo hawafikishi hata misimu kumi, achilia mbali kumi ya kiwango cha nyota.

Kwa maneno mengine, ukali wa kufunga peke yake hautoshi. Chamberlain alikuwa mkali kuliko yeyote. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mechi moja, na msimu ule alimaliza kwa wastani wa pointi 50.4. Lakini alicheza misimu 14 tu. Jordan naye alistaafu na wastani wa 30.1 kwa mechi, ilhali wa Kareem ni 24.6, na bado Jordan aliishia pointi 32,292. Msimu wake wa pili alivunjika mguu akacheza mechi 18 tu. Mwaka 1993 aliacha mpira wa kikapu, akarudi Machi 1995. Mwaka 1998 akaacha tena, akakosa misimu mitatu mizima kabla ya kurejea. Sisemi alikosea, maana mtu ana haki ya kupumzika na maisha yake. Ila rekodi hii haimhesabii mtu siku ambazo hakuwepo uwanjani.

Kareem alikuwepo. Katika misimu 20 alicheza mechi 1,560 kati ya 1,640 zilizowezekana, yaani alikosa mechi 80 tu, wastani wa nne kwa msimu. Na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau: mechi zaidi ya 30 kati ya hizo 80 alizikosa kwa hasira zake mwenyewe. Mwaka 1974 alikwaruzwa jicho kwenye mechi ya maandalizi, akaipiga ngumi nguzo ya kikapu na kuvunjika mkono. Mwaka 1977, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, mpinzani alimtia kiwiko, naye akamrudishia ngumi. Mkono ukavunjika tena. Ukitoa visa hivyo viwili, mwili wenyewe ulimwangusha mara chache mno kwa mtu aliyegongwa na masenta wa NBA kwa miongo miwili.

Silaha yake ilimsaidia kudumu. Ule mtupo wake maarufu, skaihuku, haukutegemea mbio wala kuruka juu sana. Tazama video yake moja polepole. Anapokea mpira akiwa ameupa ubao mgongo. Anakanyaga hatua moja, bega la kushoto linamwelekea beki, na mwili wote unakaa katikati ya beki na mpira. Mkono wa kulia unanyooka hadi mwisho, kisha kifundo kinaurusha mpira kutoka kwenye kilele cha urefu wake. Beki akitaka kuuzuia lazima afike mahali ambapo mkono wake haufiki. Mchezaji anayetegemea kasi huanza kupungua akifika miaka 30 na kitu, kwa sababu miguu ndiyo hutangulia kuchoka. Skaihuku ilihitaji urefu, mizani na mazoezi, na vitu hivyo havizeeki upesi. Mwaka 1985, akiwa na miaka 38, alitajwa mchezaji bora wa fainali za NBA.

Cha kushangaza ni kwamba kuna sheria iliyomsukuma aunoe zaidi mtupo huo. Alipokuwa Chuo Kikuu cha UCLA, akijulikana bado kwa jina la Lew Alcindor, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani kilipiga marufuku kuuzamisha mpira kwa mkono moja kwa moja kikapuni. Marufuku hiyo ilianza mwaka 1967, baada ya msimu wake wa kwanza kwenye timu kuu ya chuo, na haikuondolewa hadi 1976. Kijana mrefu kuliko wote akanyang'anywa njia rahisi kuliko zote, akabaki kuukamilisha mtupo ambao ungemlisha kwa miaka 20.

Ukifungua zile 38,387 utaona zimeundwa hivi: vikapu 15,837 na mitupo huru 6,712, ambayo kila mmoja ni pointi moja. Kati ya vikapu hivyo, kimoja tu ni cha pointi tatu. Kimoja katika maisha yake yote! Mstari wa pointi tatu, ambao kikapu kinachofungwa kutoka nje yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, uliingia NBA msimu wa 1979-80, yeye akiwa ameshacheza misimu kumi. Kwa hiyo karibu rekodi nzima imejengwa kwa pointi mbilimbili na mojamoja, haba na haba hadi kibaba kikajaa.

Aliyeikaribia zaidi kabla ya LeBron ni Karl Malone, na kisa chake ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Huyu alikuwa mtu wa kuhudhuria kama Kareem. Katika misimu 18 na Utah Jazz alikosa mechi kumi tu. Wastani wake ulikuwa pointi 25, ule ule wa mfano wetu hapo juu. Lakini msimu wa 1998-99 wamiliki wa timu na wachezaji waligombana juu ya mkataba, milango ikafungwa, na msimu ukapunguzwa hadi mechi 50. Mechi 32 zikayeyuka bila kosa lake. Kisha mwaka 2003 akahamia Lakers, goti likaumia, akacheza mechi 42. Hakurudi tena uwanjani. Alimaliza na 36,928, pungufu ya pointi 1,459.

Sasa linganisha pengo hilo na misimu miwili ya mwisho ya Kareem. Wakati ule alikuwa mzee wa timu, wastani wake umeshuka hadi 14.6, kisha 10.1. Hakuna anayeiimba misimu hiyo. Lakini ukiijumlisha inakupa zaidi ya pointi 1,900. Maana yake, kama Kareem angestaafu miaka miwili mapema, akiwa na miaka 40 na heshima zake zote, Malone angempita. Misimu ile isiyopendeza ndiyo iliyoilinda rekodi kwa karibu miaka 20 zaidi.

Kobe Bryant alikuwa na faida ambayo Kareem hakuwa nayo: aliingia NBA moja kwa moja kutoka sekondari. Ila msimu wake wa kwanza aliingia kutoka benchi na kupata wastani wa pointi 7.6, na Aprili 2013 kano ya kisigino ikakatika. Misimu miwili iliyofuata alicheza mechi 6, kisha 35. Alimaliza na pointi 33,643.

Basi ndipo tunapomwelewa LeBron. Yeye aliunganisha vitu ambavyo wenzake walikuwa navyo kimoja kimoja. Aliingia mwaka 2003 akiwa na miaka 18, ilhali Kareem alianza akiwa na 22, kwa sababu enzi zake mchezaji hakuruhusiwa kuingia NBA hadi ipite miaka minne tangu amalize sekondari. Tofauti na Kobe, LeBron alianza mechi tangu siku ya kwanza, akafunga pointi 25 dhidi ya Sacramento Kings, na msimu huo ukaisha kwa wastani wa karibu 21. Tangu hapo, katika misimu yote 20 hadi rekodi ilipovunjika, hakuwahi kumaliza msimu chini ya 20. Tena alikuwa na zaidi ya vikapu 2,000 vya pointi tatu. Ile pointi ya nyongeza katika kila kimoja inajumlika kuwa sawa na msimu mzima wa nyota, zawadi ambayo Kareem hakuipata.

Usiku wa 7 Februari 2023 alihitaji pointi 36 dhidi ya Oklahoma City Thunder. Alizifikisha mwishoni mwa robo ya tatu, kwa mtupo wa kurudi nyuma. Mechi ikasimamishwa, na Kareem, aliyekuwa amekaa kando ya uwanja, akaja kumkabidhi mpira mbele ya watu wote. Lakers walipoteza mechi hiyo 133 kwa 130. Ilikuwa mechi ya 1,410 ya LeBron, kwa hiyo alimpita Kareem akiwa amecheza mechi 150 pungufu yake.

Tarehe 2 Machi 2024 akawa mtu wa kwanza kufikisha pointi 40,000, na baadaye akavuka 42,000. Anayemfuata ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu njia ya kutoka sekondari moja kwa moja ilifungwa: tangu drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) ya 2006, mchezaji lazima awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti yake. Na timu sasa huwapumzisha nyota wao kiasi kwamba ligi imelazimika kuweka sharti, tangu msimu wa 2023-24, la kucheza angalau mechi 65 ili mtu astahili tuzo kama ile ya mchezaji bora wa msimu. Chukua kijana anayeanza na miaka 19, afunge pointi 27 kila mechi tangu siku ya kwanza, acheze hizo 65 kila mwaka. Atapata pointi 1,755 kwa msimu, na atazifikia 42,000 karibu na mwisho wa msimu wa 24, akiwa na miaka 43. Kareem, tunayemkumbuka kwa kudumu kuliko wenzake wote wa enzi zake, alistaafu akiwa na 42.