Msitu Kusimama Si Kaboni Kulipwa

"Msitu wetu mkubwa, umesimama miaka yote, mbona hela ya kaboni haiji?" Swali hili linaulizwa Liwale, linaulizwa Kilwa, linaulizwa Nachingwea, na kosa ni lile lile: kudhani mnunuzi wa kaboni analipia miti. Halipii miti. Analipia hewa ukaa ambayo ingepanda angani kama kijiji kisingefanya kazi, na kazi hiyo lazima ionekane kwenye vipimo.

Kwanza inatafutwa kasi ya ufyekaji kabla ya mradi. Mkoani Lindi, ziliko wilaya hizo tatu, hapo tazama kilimo cha ufuta: mkulima anafyeka msitu mpya, analima misimu michache, anahama. Kisha miti inapimwa kwenye viwanja vya sampuli, kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya kimo hicho, pima kila shina peke yake. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, na tani 1 ya kaboni ni tani 3.67 za hewa ukaa. Miaka ikipita, vipimo vinarudiwa. Kasi isipopungua, hakuna cha kuuza, hata msitu uwe na hekta laki moja. Na wafyekaji wakihamia tu msitu wa kijiji jirani, hasara hiyo inakatwa kwenye hesabu yenu. Basi kabla ya kuulizia mnunuzi, maliza mpango wa matumizi bora ya ardhi, na ufuta upate eneo la kutosha. Mpango unaomnyima mkulima shamba hautafuatwa hata msimu mmoja.

Eti kuhifadhi ni kutokata? Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuvuna hifadhi yake kwa mpango wa usimamizi. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, kwa msitu wenye mpingo wa kuvuna.

Wengine wanaogopa kila moto. Wa kuogopwa ni wa Septemba na Oktoba, nyasi zimekauka kabisa: unaua miche na kuunguza hata miti mikubwa. Choma mapema, Mei au Juni, jioni, nyasi zingali na unyevu. Umande wa usiku utauzima. Kamati ya msitu ya kijiji yenye siku chache za kazi izitumie kwenye uchomaji huu kabla ya doria.

Na kufyeka miyombo, miti ya asili ya misitu hii, ili kupanda mitiki ni kuachia kaboni nyingi leo kwa ahadi ya miaka mingi. Palipokatwa mtondoro, mmojawapo wa miti hiyo ya asili, acha kisiki. Kitachipua chenyewe, mradi moto wa Oktoba usipite.