Arnis: panga la shambani ndilo lililoiokoa

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza arnis, sanaa ya mapigano ya Ufilipino ya fimbo na panga, huwa wameshasimuliwa kwamba Wahispania waliwapiga marufuku Wafilipino kubeba silaha, wenyeji wakaificha elimu yao ya mapigano ndani ya ngoma na maigizo, nayo ikapona. Hadithi tamu, na haikosi chembe ya ukweli: maigizo ya moro-moro, yanayoonyesha vita vya Wakristo na Waislamu, yalijaa mapanga jukwaani. Lakini dola hiyohiyo ya Kihispania iliwategemea askari wenyeji wa jimbo la Pampanga katika vita vyake. Na mkulima wa Ufilipino hakuachana na bolo, panga lake la kufyekea na kupasulia nazi. Ukimnyang'anya hilo, nani atalima?

Mimi naona bolo limehifadhi mengi kuliko ngoma.

Tazama vita vya kisiwa cha Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Pigafetta, Mwitaliano aliyekuwa upande wa Magellan, nahodha wa msafara wa Kihispania, alisimulia kwamba watu wa Lapulapu, mkuu wa Mactan, walipoona miili ya wageni imekingwa kwa chuma, walielekeza mishale miguuni. Magellan alipotaka kuchomoa upanga ulifika nusu tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshachomwa mkuki wa mwanzi. Kisha akakatwa mguu wa kushoto kwa panga kubwa, akaanguka kifudifudi. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa arnis tunayoifundisha leo; anayedai ukoo ulionyooka kutoka kwa Lapulapu hadi kwa mwalimu wake anauza maneno. Ila hesabu ni ileile: mkono ulioshika silaha ukiharibika, silaha haina mwenyewe.

Ndiyo maana somo langu la kwanza si kichwa wala mbavu, ni mkono. Adui anarusha pigo, wewe unatoka kwenye njia yake hatua moja ya mshazari na kumkata kiganja kinapopita. Tunatumia fimbo ya henzirani ya kama sentimita 70, kwa kuwa henzirani haivunjiki vipande vyenye ncha. Huchakaa nyuzi nyuzi, na mkigonganisha kwa kasi inatoa harufu ya kuungua. Aliyezoea kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu, asidanganywe na sauti ya fimbo. Huku fimbo imeshika nafasi ya panga, na kuna upande wa makali hata kama hauonekani.

Mbinu nyingi zina majina ya Kihispania, kama espada y daga, upanga mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Waliotawaliwa walichukua walichokiona kinafaa.

Katika karne ya 20 arnis iliokolewa na ushindani, tena mkali. Klabu ya Doce Pares ilianzishwa Cebu, Ufilipino, mwaka 1932. Miaka 20 baadaye Venancio Bacon akajitenga na kufungua klabu yake, Balintawak, iliyochukua jina la mtaa. Pande hizo mbili zilipimana kwa mapambano ya fimbo bila kinga, na mbinu isiyofanya kazi haikukaa sana. Ng'ambo, vibarua wa Kifilipino katika mashamba ya California walikuwa na ujuzi huo lakini hawakuuanika, mpaka Angel Cabales alipofungua shule ya hadharani mjini Stockton mwaka 1966.

Desemba 2009 Sheria ya Jamhuri namba 9850 iliifanya arnis kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa. Nafurahi watoto wanaijua shuleni. Kinachonisumbua ni mashindano ya kofia na mavazi manene: wawili wanasogeleana wakapigana mvua ya fimbo, kila mmoja akikubali kupigwa ili naye apige, kwa kuwa hakuna kinachouma. Panga halikubali biashara hiyo. Kwa hiyo wanafunzi wangu, hata wanaojiandaa kwa medali, hufanya nusu ya mazoezi kwa mapanga ya mbao, polepole, na aliyeguswa mkono huacha silaha chini.