Rundo la miito linaonyesha utakakorudi: kwa nini ripoti zenu za hitilafu zinarudishwa

Tangu mwongozo wetu mpya wa kuripoti hitilafu za programu uanze kutumika, simu za malalamiko zimezidi. Wakandarasi wa Unguja na Pemba, pamoja na vijana wetu wa TEHAMA walioko wilayani, wanauliza jambo moja: kwa nini ripoti zinarudishwa wakati wao wameshatuma kila kitu. Hicho "kila kitu" mara nyingi ni picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ina majina matatu au manne ya fanksheni (vipande vya programu vinavyoitana), na jina la juu limezungushiwa duara jekundu. Nia ni njema, hilo halina shaka. Lakini picha ile haitoshi, na sababu yake imo katika namna dibaga, yaani zana ya kuchunguzia programu, inavyofanya kazi. Wengi wanaitumia kila siku bila ya kujiuliza habari zile inazitoa wapi.

Nianze na dhana inayotuletea taabu kuliko zote. Watu husema rundo la miito, yaani ile orodha ya fanksheni inayoonyeshwa na dibaga, ni historia ya programu: imeanzia hapa, ikapita pale, ikafika huku. Kompyuta haiweki historia hiyo. Prosesa za x86-64, ambazo ndizo zilizomo katika seva zetu karibu zote, zinapotekeleza amri ya call, yaani ya kuita fanksheni, huandika kwenye rundo (sehemu ya kumbukumbu ya fanksheni zisizomalizika) kitu kimoja tu: anwani ya amri itakayoendelea pindi kazi iliyoitwa ikimalizika. Kwa hivyo dibaga inapokuorodheshea fremu, yaani nafasi ya kila fanksheni ndani ya rundo, inakwambia utakakorudi, haikwambii ulikotoka. Aghalabu hayo mawili yanalingana, ndiyo maana dhana hii inaishi. Yasipolingana, mtu hupoteza wiki nzima. Tuseme A imeiita B, na jambo la mwisho la B ni kuiita C. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, ikiwashwa kuboresha msimbo inaweza kuiondoa call ile ya mwisho na kuweka jmp, amri ya kuruka bila ya kuandika pa kurudi, kwa kuwa B haina tena la kufanya. C ikimaliza inarudi kwa A moja kwa moja. Kwenye orodha utaziona A na C, na B hutaiona. Mkandarasi mmoja alituandikia barua ya kurasa mbili kwamba dibaga imeruka fanksheni yake. Haikuruka kitu. Ndani ya B hapakuwa na pa kurudi.

Tuje kwenye rejista, yaani visanduku vya thamani vilivyomo ndani ya prosesa. Prosesa hizi zina rejista 16 za kazi za jumla, na fanksheni zote zinazitumia hizo hizo kwa zamu. Fremu zinaweza kuwa mia. Rejista iitwayo rbx ni moja. Ukiwa kwenye dibaga ukaandika up, yaani kupanda hadi fremu ya aliyeita, kisha ukaomba thamani za rejista, rbx unayoonyeshwa haijasomwa kutoka kwa prosesa. Imeundwa upya. Dibaga imetafuta ndani ya rundo pahala thamani ya zamani ilipowekwa, ikaichukua kutoka huko.

Inawezekanaje? Kwa sababu ya makubaliano. Linux inafuata makubaliano ya System V, ambayo yanasema rbx, rbp na r12 hadi r15 ni za kurudishwa: fanksheni iliyoitwa ikizitaka, lazima kwanza ihifadhi thamani iliyozikuta, na kabla ya kuondoka izirejeshe. Fikirieni vyombo vya arusi. Masinia na masufuria makubwa huazimwa nyumba hadi nyumba, mwenyewe ametia tone la rangi ya kucha chini ya sinia lake, na shughuli ikimalizika kila sinia linarudi mlango lilikotoka. Rejista zilizobaki, yaani rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11, hazina ahadi hiyo. Fanksheni iliyoitwa inaweza kuzijaza itakavyo na hakuna wa kuidai. Aliyeita akitaka thamani iliyokuwemo, aiweke mwenyewe pembeni kabla ya kuita.

Nitaeleza tukio moja hatua kwa hatua, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Ushirika mmoja wa wakulima wa mwani, Pemba, unatumia programu ya kupimia magunia na kuchapa risiti. Programu ilikuwa ikianguka mara moja kila baada ya siku chache. Picha iliyotufikia ilionyesha strlen juu, chini yake chapa_risiti, kisha pima_gunia, kisha main. Mkandarasi alihitimisha kwamba kosa liko kwenye maktaba ya mfumo kwa kuwa strlen ndiyo iliyokuwa juu. Fremu ya juu ni pahala programu ilipoangukia. strlen ilipewa anwani sifuri ikaambiwa ihesabu herufi. Isingeweza kufanya jengine.

Tulipopata dampu, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka, tulianza na rsp, rejista inayoonyesha rundo limefika wapi. Nitaandika tarakimu tatu za mwisho tu za anwani, za kihexadesimali. rsp ilikuwa 9D8. Jedwali lililomo ndani ya maktaba yenyewe, linaloeleza hali ya rundo kwa kila amri, linasema kwamba katika amri ile strlen haijasukuma chochote kwenye rundo, kwa hivyo kipimo cha fremu yake ni rsp ukiongeza baiti 8. Kipimo hicho, ambacho DWARF, kiwango cha taarifa za dibaga, hukiita CFA, ni thamani ya rsp kabla ya call kutekelezwa. Kwa strlen ni 9E0. Anwani ya kurudi iko baiti 8 chini ya CFA, yaani 9D8, na inaelekeza ndani ya chapa_risiti. Basi fremu ya pili imepatikana: rsp yake ni 9E0.

chapa_risiti ina mambo zaidi. Inapoingiwa, CFA ni rsp+8. Ikishasukuma rbx, CFA inakuwa rsp+16, na jedwali linaandika kwamba rbx ya aliyeita iko CFA-16. Ikishasukuma r12, CFA ni rsp+24, na r12 iko CFA-24. Kisha inapunguza rsp kwa baiti 24 ili kupata nafasi ya kazi zake, na CFA inakuwa rsp+48. Angalieni: CFA yenyewe haikusogea hata baiti moja, kinachobadilika ni umbali wake kutoka rsp, na kila amri ina mstari wake kwenye jedwali. Programu ilisimama baada ya hatua zote hizo, kwa hivyo tunatumia mstari wa mwisho. 9E0 ukiongeza 48, ambayo kwa kihexadesimali ni 30, unapata A10. Anwani ya kurudi iko A08. rbx ya pima_gunia iko A00. r12 yake iko 9F8. rbp haikuguswa, basi inabaki ilivyo. Rejista za kundi la pili zimepotea.

Taarifa za kompaila zilisema kwamba katika pima_gunia rbx ndiyo iliyoshika anwani ya rekodi ya mzigo. Tukasoma kilichomo A00, tukaifuata anwani ile, tukaikuta rekodi: gunia la mwani mkavu, uzito umeandikwa, daraja limeandikwa, na pahala pa jina la mkulima pana sifuri. Alikuwa mwanachama aliyesajiliwa siku ambayo mtandao ulikatika, jina lake halijashuka kwenye mashine ya mizani. Kosa lilikuwa kwenye usajili. Maktaba ya mfumo haikuhusika kabisa.

Mkandarasi yule alikuwa na dibaga pia. Alipanda hadi fremu ya pima_gunia akaona rdi ni sifuri, akaandika kwamba fanksheni hiyo ilipokea hoja tupu. rdi haimo katika zile za kurudishwa. Sifuri aliyoiona ilikuwa ya strlen, fremu mbili ndani zaidi. Dibaga zinatofautiana kwa hili: nyingine husema wazi kwamba thamani haikuhifadhiwa, nyingine hukuonyesha namba ya fremu ya ndani kabisa kana kwamba haijabadilika tangu hapo. Naomba sana jambo hili lishikwe. Ukishatoka fremu ya sifuri, yaani ile ya ndani kabisa, rax, rdi na wenzao usizitolee ushahidi. Kuna hali moja tu ya kawaida ambapo zinaaminika: fremu ya ishara. Kernel, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inapoikatiza programu ili kumpa nafasi mshughulikiaji wa ishara (taarifa ya ghafla kwa programu), huhifadhi rejista zote kwenye rundo, na dibaga ikivuka fremu hiyo inazipata zote kamili.

Kuna swali linaloletwa kila mara kuhusu namba ya mstari. Anwani ya kurudi inaelekeza kwenye amri iliyo baada ya call. Ikiwa call ile ndiyo amri ya mwisho ya fanksheni, kwa mfano inaita abort ambayo hairudi, anwani inayofuata ni ya fanksheni nyengine kabisa. Kwa hivyo dibaga hupunguza moja kabla ya kutafuta mstari, isipokuwa kwa fremu ya sifuri na ile iliyokatizwa na ishara. Wanaoandika zana zao wenyewe wakasahau hilo hutuletea orodha zenye jina la jirani.

Wapo wanaosema haya yote hayahitajiki, eti inatosha kufuata mnyororo wa rbp. Pale kila fanksheni inapoanza kwa kusukuma rbp na kuinakili rsp ndani yake, ni kweli: kwenye rbp utaikuta rbp ya zamani, na baiti 8 juu yake anwani ya kurudi. Lakini kompaila zinazoboresha msimbo huiacha desturi hiyo ili zipate rejista moja zaidi. Fedora 38 mwaka 2023, na Ubuntu 24.04 baadaye, ziliirudisha katika vifurushi vyao, hasa kwa ajili ya zana za kupimia kasi. Hata ukiwa nao, mnyororo ule unakupa rip (anwani ya amri inayoendelea), rsp na rbp tu. rbx ya pima_gunia tusingeipata kwa njia hiyo.

Jedwali ninalolisema limo katika sehemu ya programu iitwayo .eh_frame. Halifutwi na amri ya strip, kwa kuwa C++ inalihitaji programu inapokuwa inaendelea. strip huondoa majina na mistari. Ndiyo maana programu iliyokwanguliwa bado inaweza kurudishwa nyuma fremu kwa fremu, ila unapata anwani kavu. Wanaolizima jedwali hilo kwenye kompaila ili faili lipungue ukubwa, tunawaomba waache. Likikosekana, dibaga inabaki kusoma mwanzo wa fanksheni na kukisia.

Na hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wetu. Jedwali ni la toleo lile lile, amri kwa amri. Ukiijenga programu upya kwa msimbo ule ule, ila kwa kompaila nyengine au kwa chaguo moja tofauti, 48 inaweza kuwa 40, na dibaga itachukua anwani ya kurudi kutoka pahala pasipo pake. Haitakwambia imekosea. Itaendelea kupanda hadi ione fremu mbili zinazofanana au anwani isiyokuwemo, ndipo isimame na kulalamika kwamba rundo limeharibika. Nusu ya "rundo lililoharibika" tunaloletewa ni zima kabisa. Programu iliyoambatishwa ndiyo siyo.

Kwa hivyo, kila ripoti iwe na dampu, na kabla ya hapo ulimit -c, yaani kikomo cha ukubwa wa dampu, isiwe sifuri, la sivyo hapatakuwa na dampu ya kutuma. Iwe na faili la programu lile lile lililoanguka, lililonakiliwa kutoka mashine iliyoanguka. Tusipewe la kwenye kompyuta ya mtengenezaji. Iwe na faili la alama za dibaga (majina na mistari) la ujenzi huo, na maktaba zilizopakiwa. Kabla ya kufunga mzigo, linganisheni kitambulisho cha ujenzi kwa readelf -n. Kwa kawaida ni tarakimu 40, na zote zilingane, msiridhike na nne za mwanzo. Kitambulisho hicho kiandikwe pia kwenye fomu, kisehemu cha pili, kwa kunakili na kubandika. Kikiandikwa kwa mkono, fomu inarudishwa.

Dampu ni kumbukumbu nzima ya programu. Majina, namba za simu na namba za ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari) za watu vimo ndani yake, vinasomeka. Isitumwe kwa WhatsApp, isitumwe kwa barua pepe binafsi, isiachwe kwenye flashi iliyo wazi mezani. Ifungwe kwa nenosiri, na nenosiri lipelekwe kwa njia nyengine, si ndani ya bahasha moja. Atakayebainika kusambaza dampu nje ya utaratibu anaondolewa ruhusa ya kuingia kwenye mifumo mara moja, na suala lake linapelekwa kwa mwanasheria wetu. Ripoti inayokosa hata kiambatisho kimoja inarudishwa ndani ya siku 5 za kazi pamoja na maelezo ya kinachokosekana. Ikirudishwa mara tatu inafungwa, na inayofuata inahesabiwa mpya, kwenye foleni, kuanzia mwisho. Mkandarasi asiyekabidhi alama za dibaga za kila toleo anazuiliwa malipo ya awamu ya mwisho kama mkataba unavyosema. Hoja kwamba alama zimepotea haipokelewi, kwani zinatakiwa kukabidhiwa siku toleo linapokabidhiwa.

Kwa wenye programu za simu, prosesa ni ARM na majina yanabadilika: anwani ya kurudi hukaa kwanza kwenye x30, kiashiria cha fremu ni x29, na za kurudishwa ni x19 hadi x28. Fanksheni isiyoita nyengine inaweza kuiacha x30 pale pale bila ya kuiandika kwenye rundo, basi rejista za fremu ya sifuri ni muhimu huko kuliko hata kwenye seva. Fomu ni ile ile.

Walioko Pemba hawana haja ya kuvuka. Bahasha zinapokelewa ofisi yetu ya Chake Chake siku za kazi kabla ya saa nane mchana, na mpokeaji atalinganisha kitambulisho cha ujenzi mbele yenu kabla ya kugonga muhuri.