Ramani Nyekundu Haitoshi: Tunavyopima Upepo, Mawimbi na Mikondo ya Bahari

Watu hunitumia ramani. Kipande cha bahari kimepakwa rangi nyekundu, pembeni imeandikwa wastani wa kasi ya upepo, mita 10 kwa sekunde, na swali linafuata hapo hapo: patatoa megawati ngapi? Namba hiyo peke yake haijibu swali, na nitaonyesha kwa nini kwa hesabu ya penseli.

Tuseme kuna maeneo mawili. La kwanza linavuma mita 10 kwa sekunde usiku na mchana. La pili linavuma mita 5 nusu ya muda na mita 15 nusu iliyobaki. Wastani wao ni mmoja. Lakini nguvu iliyomo kwenye upepo inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, yaani kasi ikiwa maradufu nguvu inakuwa mara nane. La kwanza linapata 10 × 10 × 10, yaani 1,000. La pili linapata 125 na 3,375, ambazo wastani wake ni 1,750. Eneo la pili limelishinda la kwanza kwa asilimia 75.

Usishangilie bado. Turbini, mtambo unaogeuza upepo kuwa umeme, ina ukomo. Ikiwa inafikia uwezo wake wote kwenye mita 12 kwa sekunde, upepo wa mita 15 hauiongezei chochote. Mapanga yanageuzwa ili sehemu ya upepo ipite bure. Ukirudia hesabu kwa mtambo huo, eneo la kwanza linautumia kwa asilimia 58 ya uwezo wake, la pili kwa takriban 54. Aliyeonekana tajiri amegeuka maskini kidogo. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoomba ni mgawanyo: kila kasi ilidumu saa ngapi kwa mwaka. Wastani nautazama baadaye.

Kuupata mgawanyo huo baharini ni kazi. Setilaiti zinazosoma upepo kwenye mikwaruzo ya uso wa maji hutupa kasi ya takriban mita 10 juu ya bahari, wakati kitovu cha turbini ya leo kiko mita 100 na zaidi. Data za hali ya hewa zilizochakatwa upya, kama ERA5 ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, zinarudi nyuma hadi 1940, saa kwa saa, lakini mraba wake mmoja una upana wa kilomita 31 hivi, na rasi nzima inaweza kumezwa humo. Kwa hiyo tunaelesha boya lenye lida, chombo kinachorusha miale ya leza juu na kusoma kasi ya vumbi na matone yaliyobebwa na hewa. Boya linayumba, ndiyo, lakini wastani wa dakika kumi hutoka vizuri. Kinachovurugika zaidi ni kipimo cha msukosuko. Baada ya mwaka mmoja tunavilinganisha vipimo vyake na data za miaka ishirini au thelathini, ili mwaka tuliopima usiwe ule wa ajabu.

Mawimbi yana namba mbili, na watu huikumbuka moja tu. Kimo tunachotumia ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Namba ya pili ni muda kati ya kilele na kilele. Kwenye maji ya kina kirefu, kilowati kwa kila mita ya mstari wa wimbi ni karibu nusu ya mraba wa kimo ukizidisha sekunde hizo. Mawimbi ya mita 2 yanayofuatana kila sekunde 6 yana kilowati 12 kwa mita. Ya kimo kile kile yaliyosafiri kutoka mbali na kufuatana kila sekunde 12 yana 24. Kisha inakuja dhoruba ya mita 8 na sekunde 12: kilowati 384. Kwenye jedwali la mwaka saa chache za namna hiyo hunenepesha jumla vizuri sana, ilhali wakati huo mtambo umejifunga ukiomba tu usivunjike. Mimi huzitoa kwenye hesabu ya umeme na kuzipeleka kwa mhandisi wa minyororo ya nanga.

Kujaa na kupwa ndiko ninakokupenda. Mwezi na jua hawachelewi. Ukipima mkondo kwa siku 30 hadi 35, kwa chombo kinachosoma kasi ya maji kwa sauti, kilicholazwa chini ya bahari, unaweza kutabiri miaka ijayo. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, hivyo mkondo wa mita 2.5 kwa sekunde una takriban kilowati 8 kwa mita ya mraba. Angalia tu pengo la bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo: kasi ya kilele ikishuka nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane.

Mtego uko kwingine. Wengi huchukua nguvu ya mkondo kwenye mlangobahari na kuizidisha kwa upana, kana kwamba maji hayatajua kuwa tumeweka mitambo. Wanasayansi wa bahari Chris Garrett na Patrick Cummins walionyesha mwaka 2005 kwamba kila turbini ni kizuizi, na ukifikia kiwango cha juu kabisa cha kuvuna, mkondo wenyewe umeshapungua kwa takriban asilimia 30 hadi 42. Mchanga, samaki na vyombo vinavyopita hapo vyote vitahisi. Kinachovunika kwa busara ni kidogo kuliko hicho.

Mwishoni benki haiulizi kuhusu mawimbi wala mwezi. Inataka kiasi cha umeme ambacho kuna uwezekano wa asilimia 90 kukipita. Tuseme makadirio ya kati ni gigawati-saa 400 kwa mwaka na shaka yetu ni asilimia 10: benki inaona 349. Boya lile la lida likishusha shaka hadi asilimia 7, inaona 364. Gigawati-saa 15 zimeongezeka, na upepo haujavuma zaidi hata kidogo.